Je, niuze kiwanja nikapigwe CT inayohesabu fotoni?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni fundi seremala, nina miaka 34, niko Tanga. Miezi mitano iliyopita bodaboda iliteleza nikaangukia kiganja cha mkono wa kulia. Eksirei ya siku ile ilisema mfupa ni mzima, nikapewa dawa za maumivu na bandeji. Maumivu hayajaisha. Yako chini ya kidole gumba, na nikishika randa mkono unakosa nguvu. Mwezi uliopita nilipigwa CT, majibu yakasema hakuna mvunjiko unaoonekana. Mtoto wa shangazi yangu anaishi Bavaria, Ujerumani. Ananiambia huko kuna CT mpya inayohesabu fotoni, inaona mfupa kama kwa darubini, na nikienda nitapata jibu. Nina kiwanja kimoja tu. Niuze nikapimwe?"

Marahaba, fundi, na pole sana. Kiwanja usikiuze. Nimelitanguliza hilo ili usome yanayofuata roho ikiwa imetulia, maana jibu ni refu.

Binamu yako hajakudanganya. Mashine hiyo ipo, na mimi ninayesoma picha za mifupa kila siku naona ndiyo badiliko kubwa kuliko yote yaliyoikuta CT tangu nianze kazi hii. Lakini kuiona mifupa vizuri zaidi ni jambo moja, na kukupa wewe jibu ambalo huku halipatikani ni jambo jingine. Nataka uelewe tofauti ya hayo mawili, kwa sababu naogopa kuona mtu anauza ardhi yake kufuata picha wakati tatizo halikuwa mashine.

Tuanze na CT uliyopigwa. Mrija wa eksirei unauzunguka mwili ukirusha miali, na upande wa pili kuna kipokezi kinachopima ni kiasi gani kimevuka. Mfupa unazuia mingi, nyama inazuia kidogo, hewa karibu haizuii kitu. Kompyuta inakusanya vipimo vya pande zote na kujenga picha ya ndani. Msingi wa hesabu zake uliwekwa na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, ambaye wazo lilimwingia mwaka 1956 akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Napenda kulitaja hilo, maana wengi hudhani CT haina hata chembe ya Afrika ndani yake. Mashine yenyewe aliitengeneza Godfrey Hounsfield, Mwingereza, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Tangu hapo mrija umepata nguvu na mzunguko umepata kasi, lakini kipokezi kimebaki na tabia ileile ya kujumlisha. Katika mashine za kawaida za leo, mwali ukifika unagonga kauri, kauri inamulika kidogo, kisha kifaa kilicho chini yake kinausoma ule mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Sasa mwanga hutawanyika, kwa hiyo kati ya kijumba kimoja cha kauri na kingine lazima ujengwe ukuta wa kuuzuia usivuke kwa jirani. Ukuta una unene. Mwali unaotua juu ya ukuta umepotea: umeshapita mwilini mwako, umeshakuachia mionzi yake, na picha haikufaidika. Ukitaka vijumba vidogo zaidi, kuta zinakula nafasi zaidi. Ndiyo sababu kwa miaka mingi tulikwama kwenye nusu milimita hivi.

Tena kipokezi hicho hakijui kimepokea nini. Wewe uko Tanga, kwa hiyo nitasema hivi. Mashua inarudi alfajiri, samaki wote wanamwagwa kwenye tenga moja, tenga linawekwa kwenye mizani. Mizani inasema kilo 40. Nguru ni wangapi, changu wangapi, dagaa kiasi gani, haisemi. Nguru mmoja mnene anawameza dagaa wengi kwa uzito. Na mizani imepima pia tenga lenyewe pamoja na barafu iliyoyeyuka chini. CT ya kawaida hupokea miali namna hiyo. Fotoni, yaani zile chembe za mwali, zikiwa na nishati kubwa zinatawala jumla, na zenye nishati ndogo zinamezwa, ilhali hizo ndogo ndizo zinazotofautisha vizuri zaidi kilicho na kalsiamu na kisicho nayo. Halafu msukosuko wa umeme wa kifaa chenyewe, ambao ndio barafu na tenga, unaingia kwenye jumla na kutokea kwenye picha kama chengachenga.

CT inayohesabu fotoni haitumii mizani, inatumia mnadi. Anayenadi anamwinua samaki mmoja mmoja na kumtaja: huyu nguru, huyu changu, huyu kibua. Akishika barafu anaitupa.

Kinachofanya kazi hiyo ni fuwele ya kadimiamu teluraidi, nyembamba isiyofika milimita 2, iliyotiwa umeme wa volti nyingi kati ya uso wake wa juu na wa chini. Fotoni ikiingia inazing'oa elektroni palepale, na lile wingu dogo la elektroni linavutwa moja kwa moja mpaka kwenye kituo kilicho chini yake, ambako linasomwa kama mpigo mmoja wa umeme. Mpigo mkubwa una maana ya fotoni yenye nishati kubwa, mpigo mdogo ni fotoni dhaifu, na mpigo ulio chini ya kiwango kilichopangwa, kama kiloelektronivolti 20 hivi, hauhesabiwi. Hakuna mwanga wa kutawanyika, kwa hiyo hakuna haja ya zile kuta. Vituo vinaweza kufanywa vidogo sana, na mionzi uliyokwisha kuipokea mwilini inatumika karibu yote.

Haikuwa kazi ya siku moja. Fuwele za aina hii ni ngumu kukuza zikiwa safi, na fotoni za CT huja kwa mamilioni kila sekunde, zinapandana hata mbili zikahesabiwa kuwa moja. Huko New Zealand, wanasayansi Phil Butler na mwanawe Anthony walichukua chipu za kuhesabu fotoni ziitwazo Medipix, zilizozaliwa katika maabara ya fizikia ya CERN huko Ulaya, wakaunda mashine ndogo, na mwaka 2018 zikatangazwa picha za kwanza za rangi za mwili wa binadamu kwa njia hii. Picha hizo zilikuwa za kifundo cha mguu, na za kifundo cha mkono kikiwa kimevaa saa. Yaani mkono, kiungo hichohicho kinachokusumbua wewe, ndio uliokuwa mlango. Marekani, kliniki ya Mayo ilikuwa imeshapata mashine ya majaribio ya ukubwa wa mwili mzima tangu 2014. Kisha tarehe 30 Septemba 2021 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ikaidhinisha ya kwanza ya kutumika kwa wagonjwa, NAEOTOM Alpha ya Siemens. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Augsburg, hukohuko Bavaria kwa binamu yako, ni miongoni mwa za mwanzo kabisa duniani kuitumia. Hivyo nadhani najua amelisikia wapi jambo hili.

Sasa mfupa. Mashine hiyo ikiwekwa kwenye hali yake kali kabisa inakata vipande vya milimita 0.2. Ya kawaida hukata vya 0.5 au 0.6. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa macho, lakini wewe fundi unajua tofauti ya msumeno wa meno mapana na wa meno membamba. Kijumba cha picha chenye upande wa milimita 0.6 kinaingiza vijumba 27 vya milimita 0.2. Kitu chochote kilichokuwa ndani ya kile kijumba kikubwa, kiwe ufa, kipande cha mfupa au tundu, kilichanganywa na kugeuzwa rangi moja ya kijivu. Sasa kimetenganishwa mara 27.

Nilipata bahati ya kukaa wiki kadhaa kwenye mafunzo mbele ya picha za mashine hii, na picha ya kwanza iliyonishika ilikuwa ya kifundo cha mkono. Mfupa kwa ndani si kitu kigumu kitupu. Ni kama sifongo iliyofumwa kwa vijiti vyembamba vya mfupa, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita 0.1 hadi 0.2, na kati yao kuna uwazi wa nusu milimita mpaka moja. Kwenye CT niliyoizoea, sehemu hiyo huonekana kama ukungu wa kijivu wenye madoa. Pale niliona wavu. Niliona vijiti vikipangana kufuata njia ambayo uzito hupita mtu anapojiegemeza kwa kiganja, na gamba la nje la mfupa likiwa mstari mmoja mkali badala ya ukingo uliovimba. Kwenye mfupa mmoja mdogo palikuwa na mfereji mwembamba unaoingiza mshipa wa damu. Nikauzungushia kalamu nikisema huu ni ufa. Mwalimu wangu akanitaka niufuate kipande kwa kipande; una kuta laini zenye gamba, unapinda, unaishia katikati ya mfupa. Ufa haufanyi hivyo. Siku ile nilijifunza kwamba mashine inayoona zaidi inamdai zaidi anayesoma.

Kuhusu darubini, hapo binamu yako ametia chumvi. Milimita 0.2 ni karibu sawa na unene wa kijiti chenyewe, kwa hiyo wavu unaonekana lakini kila kijiti hakipimiki kwa uhakika. Kuna mashine ndogo za kupima mikono na miguu tu, zinazotumika zaidi kwenye utafiti wa mifupa iliyodhoofika, zinazofika milimita 0.06. Hata hizo si darubini.

Kuna jambo moja la kiufundi linalonifurahisha kuliko yote, na halisemwi sana. CT za zamani zilizotaka kuona vitu vidogo, kwa mfano vile vifupa vya ndani ya sikio, ziliwekewa kichujio chenye meno kama chanuo mbele ya kipokezi ili kufunika sehemu ya kila kijumba. Ukali wa picha ukapatikana, lakini kwa kuizuia miali ambayo imeshapita mwilini mwa mgonjwa. Tulikuwa tunamlipisha mgonjwa mionzi halafu tunaitupa mlangoni. Mashine mpya haina chanuo hilo, na hapo ndipo sehemu kubwa ya akiba ya mionzi inapotoka kwenye picha za mifupa. Hata ukiamua kuvichanganya vile vijumba vidogo upate picha laini, chengachenga zinatoka pungufu kuliko kama ungepima kwa vijumba vikubwa tangu mwanzo.

Nani basi anafaidika hasa? Wa kwanza ninayemfikiria ni mgonjwa wa mailoma, saratani ya uboho inayotoboa mifupa vitundu. Kumwona na kitundu cha milimita chache kwenye uti wa mgongo mapema kunaweza kubadilisha uamuzi wa kuanza dawa. Watafiti wa Mayo wameonyesha kwamba mashine hii inafichua vitundu ambavyo CT ya kawaida, kwa mgonjwa yuleyule, ilivificha kwenye ukungu. Mwingine ni mtu mwenye ugonjwa wa viungo unaokula kingo za mifupa midogo ya vidole. Vile vidonda vidogo vya kwenye kingo huonekana mapema. Mtoto anayehitaji kupigwa picha mara nyingi za uti wa mgongo naye anafaidika kwa kupunguziwa mionzi.

Halafu kuna wenye vyuma mwilini, na hawa kwetu ni wengi kwa sababu ya ajali za pikipiki. Chuma hunyonya fotoni dhaifu na kuacha kali tu, kisha picha inajaa mistari myeusi na myeupe hasa pale unapotaka kujua kama mfupa umeunga. Kwa kuwa mashine mpya imeshamtaja kila samaki kwa jina, mtu anaweza kuomba picha iliyojengwa kana kwamba miali yote ilikuwa ya nishati ya juu, na kuiongezea kichujio cha bati pale kwenye mrija ili fotoni dhaifu zisitoke kabisa. Mistari inapungua sana kwenye skrubu na bamba. Kwenye nyonga ya chuma pande zote mbili bado inabaki, kwa sababu pale fotoni haziwezi kuvuka, na kisichovuka hakihesabiki.

Kutambua nishati kunasaidia pia kutenganisha vitu. Chumvi ya yuriki ya ugonjwa wa jongo inatofautishwa na kalsiamu. Kalsiamu inaweza kuondolewa kwenye picha kwa hesabu, yakabaki majimaji ndani ya uboho, dalili kwamba mfupa umeumia hata kama ufa hauonekani. CT za kawaida zenye uwezo wa kupiga kwa nishati mbili zinafanya hayo pia, ila hii inayapata katika kila picha bila maandalizi ya ziada.

Isichokiona vizuri ni vitu laini. Kano, gegedu, menisiki ya goti, mshipa uliochanika: huko MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, ndiyo bibi, na sioni CT ya aina yoyote ikimwondoa karibuni. Kuna njia ya kuchoma dawa ya iodini ndani ya kiungo kisha kupiga CT, dawa ikachora gegedu na kano kwa pembeni, na kwenye kazi hiyo mashine mpya ni nzuri sana. Lakini hiyo ni sindano ndani ya kiungo, haifanywi kwa udadisi. Tena kwenye milimita 0.2 mgonjwa akitikisa mkono hata kidogo, ukali wote wa picha umekwenda na maji.

Nirudi kwenye mkono wako, kwa sababu hapo ndipo penye mambo.

Kuanguka kwa kiganja, maumivu chini ya kidole gumba, kushika kitu kukakosa nguvu: kila daktari wa mifupa atakayesoma maelezo yako atafikiria mfupa mmoja kabla ya mwingine wowote. Unaitwa skafoidi, jina lililotoka kwa Wagiriki, maana yake ni kama mashua, kwa sababu ya umbo lake. Nyoosha kidole gumba juu. Pale chini yake, upande wa nyuma ya mkono, panatokea kishimo kati ya mishipa miwili. Skafoidi iko ndani ya kishimo hicho. Ukipabonyeza kwa kidole na ukaruka, ni dalili nzito. Eksirei ya siku ya kwanza huukosa ufa wake kwa mtu mmoja au wawili kati ya kila 10, kwa hiyo kuambiwa "mfupa ni mzima" siku ile hakukufunga jambo. Ilitakiwa ufungwe plasta gumu, hili tunaloliita hogo, kisha urudie eksirei baada ya siku 10 hadi 14, au upelekwe MRI.

Mfupa huu una mkosi mmoja. Damu yake nyingi huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma kuelekea upande wa kiwiko. Ukivunjika kiunoni, yaani katikati ya mfupa wenyewe, ile ncha ya upande wa kiwiko inakatiwa damu. Inaweza kukataa kuunga, inaweza kufa, na baada ya miaka kiungo chote kikasagika. Kwa hiyo nachukulia miezi yako mitano kwa uzito wote. Kuuliza umeuliza vizuri.

Sasa CT yako. Kabla ya kuilaumu mashine, naomba ujue ilipigwaje. Aliwahi kunijia kijana mlinda mlango na diski ya hospitali nyingine, majibu yake kama yako. Nikafungua: vipande vya milimita 3, mkono ukiwa umelazwa ubavuni, miali ikipita tumboni kwanza kabla ya kuufikia mkono, na picha zimekatwa kufuata meza badala ya kufuata mfupa. Skafoidi imelala mshazari. Ukiikata kama mtu anayepasua ubao bila kuangalia nyuzi zake, ufa wa kiunoni unagawanyika kwenye vipande viwili vitatu na kila kimoja kinaonyesha kivuli tu. Tukamrudisha kwenye mashine yetu ya kawaida kabisa. Tukamlaza kifudifudi, mkono umenyooshwa mbele ya kichwa, vipande vya milimita 0.6, kichujio kikali cha mfupa, kisha picha zikapangwa upya kufuata urefu wa skafoidi. Ufa ulikuwa pale, umekatiza kiuno, kingo zake zimeshaanza kuwa nyeupe na ngumu kama kidonda cha zamani. Miezi mitano au sita baada ya kuvunjika, mfupa ambao haukuunga huwa na mwanya mpana kuliko ufa wa siku ya kwanza. Huhitaji milimita 0.2 kuuona. Unahitaji CT ya kawaida iliyopigwa na mtu aliyeambiwa anatafuta nini.

Kwa hiyo nenda ulikopigwa, uombe diski yenye picha zote. Karatasi ya majibu au filamu pekee hazitoshi. Data ghafi, yaani vipimo vya awali vya mashine, hukaa siku chache tu, kwa hiyo zako huenda zimeshafutwa, lakini picha zenyewe hutunzwa muda mrefu. Mpe daktari wa mifupa diski hiyo, umwombe aangalie unene wa vipande. Kama ni milimita 1 au chini yake, picha zinaweza kupangwa upya kufuata mfupa bila kukupiga mionzi mingine. Kama ni 2 au 3, irudiwe kwa namna niliyoeleza, na kwenye fomu ya maombi iandikwe wazi: skafoidi, kuangalia kama kuna mvunjiko usiounga. Usiogope mionzi kwa hilo. Mkono ukiwa mbali na mwili, dozi haifiki hata moja ya kumi ya milisiveti, wakati mtu hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Hoja ya kupunguza mionzi, ambayo ni kubwa kwa uti wa mgongo wa mtoto, kwako haina uzito.

Wakati huohuo omba eksirei moja ya bei ndogo: mikono yote miwili, umekunja ngumi kwa nguvu. Jirani wa skafoidi ni mfupa uitwao lunati, na wamefungwa pamoja kwa kano. Kano hiyo ikichanika, ukikunja ngumi mifupa hiyo miwili inaachana, na mwanya ukizidi milimita 3 pana tatizo, hasa kama mkono wa pili hauko hivyo. Dalili zake zinaweza kufanana na zako, na hapo hata CT ya Augsburg ingekwambia mifupa ni mizima, na ingekuwa imesema kweli.

Hatua ya tatu, kama hizo mbili hazikutoa jibu, au kama ufa umeonekana na tunataka kujua ile ncha bado ina damu, ni MRI. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, pale Dar es Salaam, ina CT na MRI, na ina madaktari wa upasuaji wa mifupa jengo hilohilo. Nauli ya basi kutoka Tanga unaijua. Kama una bima, uliza mapema inagharamia nini, kwa sababu MRI mara nyingi huhitaji kibali kabla.

Nisiifunge kabisa njia ya binamu yako. Kuna hali moja ambayo ningetamani uwe karibu na mashine ile: ukifanyiwa upasuaji, ukawekewa kipande cha mfupa na skrubu, kisha miezi mitatu baadaye daktari anataka kujua kama daraja jembamba la mfupa limepita kando ya skrubu, ili akuruhusu kurudi kwenye randa. Hapo milimita 0.2 na uwezo wa kutuliza mistari ya chuma vingekuwa na faida ya kweli. Hata hivyo skrubu za skafoidi ni ndogo na nyingi ni za titani, ambayo haichafui picha kama chuma cha pua, na CT nzuri ya kawaida hujibu swali hilo kwa wagonjwa wengi. Mashine zenyewe zinaongezeka. Mwishoni mwa 2024 Siemens walitangaza matoleo mawili zaidi, na kampuni nyingine nazo zinatengeneza za kwao. Nina hamu ya kuiona moja ikifungwa karibu nasi, na nitakuwa wa kwanza kuwaleta wagonjwa wangu wa mailoma.

Mpaka majibu yatoke, vaa kifaa cha kushikilia kifundo kinachofika mpaka kidole gumba, mchana na usiku. Usiegemee kiganja, usisukume randa kwa mkono huo, na nyundo mwachie kijana wako wa kazini. Kama una desturi ya kuvuta sigara, iache sasa, kwa sababu inapunguza uwezekano wa skafoidi kuunga, iwe kwa hogo au kwa skrubu. Diski ikishafika kwa daktari, niandikie ripoti inasemaje kuhusu kiuno cha skafoidi na ile ncha ya upande wa kiwiko. Hayo mawili ndiyo yatakayonionyesha kama tunazungumzia upasuaji, na wa haraka kiasi gani.